Uliza Anko Dungu: Nguruwe pori, ranchi ya shemeji na mihogo ya Kisarawe

Mwezi huu sijui mmeambizana, manake barua nyingi zimekuja na nguruwe pori ndani. Jina langu la Dungu mnalijua lilikotoka, kile kitanda cha miti kinachojengwa juu shambani mtu akakaa usiku kulinda mazao, na mi nimekulia juu yake kule Maneromango kwa babu, kwa hiyo kidogo najua ninachoongea. Tuanze na ya mbali halafu turudi nyumbani.

Shikamoo Anko. Mi naishi Tabata. Shemeji yangu aliyemuoa dada yuko Texas, kanialika Desemba na viza ya matembezi nishapata. Anasema kuna jamaa yake ana ranchi imejaa nguruwe pori, tutaenda kuwinda na eti huko hakuna cha kibali wala leseni, unaingia unapiga. Bunduki pekee niliyowahi kushika ni ile ya maji ya mwanangu. Hivi ni kweli, na mtu anayeanza anaanzia wapi? — Mgeni wa Bunduki

Marahaba mjomba. Shemeji hajakudanganya, ila kakupa nusu ya habari.

Kwanza ujue nguruwe wa kule sio huyu wetu. Huyu wetu ni mwenyeji wa Afrika toka enzi, wa kule mababu zake walikuja na meli. Wahispania ndio waliowapeleka nguruwe wa kufugwa Marekani, Hernando de Soto alishuka nao Florida mwaka 1539, wengine wakatoroka wakawa wa porini, halafu miaka ya 1930 kuna watu Texas wakaachia nguruwe mwitu wa Ulaya kwa ajili ya starehe ya kuwinda, wakachanganyika na wale. Sasa hivi Texas peke yake wanakadiriwa kupita milioni 2. Jike anabeba mimba siku 115 hivi, miezi minne haifiki, anashusha watoto wanne, sita, hata zaidi, na kwa mwaka anaweza kurudia. Wanafukua mashamba mpaka utafikiri trekta limepita usiku. Ndo maana kule serikali inawaona kama wadudu waharibifu tu, hakuna msimu, hakuna idadi, mchana unapiga usiku unapiga, na tangu 2011 kuna sheria inayoruhusu hata kuwapiga kutoka kwenye helikopta. Kuanzia tarehe 1 Septemba 2019 kwenye ardhi ya mtu binafsi huhitaji leseni ya kuwinda nguruwe hao, ruhusa ya mwenye ardhi inatosha. Hapo ndo shemeji alipoishia.

Sasa hapo alipoishia ndo pana shimo, manake hiyo ni sheria ya jimbo. Kuna ya shirikisho juu yake, na hiyo inasema mgeni aliyeingia na viza ya muda kama yako haruhusiwi kushika bunduki wala risasi, hata ya kuazimwa dakika tano, isipokuwa awe kwenye kundi mojawapo la walioruhusiwa, na kundi linalokufaa wewe ni la mtu mwenye leseni halali ya uwindaji iliyotolewa na jimbo la huko. Umeona mzunguko wenyewe? Texas inasema kwa nguruwe leseni sio lazima, lakini wewe Mtanzania ukienda bila leseni ukashika bunduki unakuwa umevunja sheria kubwa zaidi. Kwa hiyo nunua leseni ya mgeni hata kama wote wanakucheka, ipige picha, tembea nayo. Pia kwa leseni waliozaliwa kuanzia tarehe 2 Septemba 1971 wanatakiwa wawe wamepita kozi ya usalama wa uwindaji. Ukishafika miaka 17 kuna utaratibu wa kuiahirisha mara moja tu, ila uwinde ukiwa na mtu mzima mwenye leseni aliyeipita hiyo kozi. Mi nakushauri usiahirishe, fanya kozi, hujawahi kushika bunduki wewe.

Ruhusa ya mwenye ranchi usiichukue kwa mdomo wa shemeji, ongea na mwenyewe uulize mpaka wake unaishia wapi. Karibu ardhi yote ya Texas ina wenyewe, na kuvuka kwa jirani ukiwa na bunduki ni kesi nzito kuliko kuvuka mikono mitupu. Ukiona miti au nguzo zimepakwa mistari ya rangi ya zambarau usidhani ni urembo, kisheria hiyo ni sawa na kibao cha USIINGIE.

Haya, tuje kwenye kuwinda kwenyewe. Wanaoanza wote wanauliza bunduki gani, hakuna anayeuliza upepo unatoka wapi. Nguruwe haoni vizuri, anasikia vizuri sana, na pua yake ni balaa. Babu alikuwa na kitambaa kidogo chenye majivu, kabla hatujapanda dunguni anakitikisa hivi, kale kavumbi kanaelea, anaangalia kameelekea wapi, halafu anaamua tukae dungu la juu au la chini. Siku moja nimetoka mjini, nimeoga na sabuni ile ya kunukia, nimepaka na losheni. Babu hakusema kitu. Saa nane usiku tunasikia mihogo inavunjwa, kwaka, kwaka, wanasogea, mara kikatoka kimlio kimoja kifupi kama mtu anapuliza pua, kimya. Hawakurudi mpaka kunakucha. Asubuhi babu ananiambia, "Mchumba wako amepita hapa jana?" Basi we ukienda Texas usijipulize chochote, na kila ukikaa hakikisha upepo unatoka kwao unakuja kwako. Huko wana vichupa vya unga wa kupima upepo, majivu yanafanya kazi ileile bure.

Wengi kule wanakaa kwenye kibanda cha juu (dungu hilohilo, tofauti lina viti) wanaangalia mahali panapomwagwa mahindi, na wakati mzuri ni jua linapozama mpaka usiku. Mchana mzunguke na mwenyeji muone dalili, udongo uliofukuliwa ukiwa bado mbichi, dimbwi la matope walikogaagaa, mti uliosuguliwa mpaka una matope kwenye gome. Matope yakiwa bado na unyevunyevu hawako mbali.

Sehemu ya kupiga. Kama umewahi kusimama pale kitimoto inapochinjwa utanielewa haraka, moyo na mapafu ya nguruwe viko chini na mbele kuliko watu wanavyofikiria, hapo nyuma ya mguu wa mbele, theluthi ya chini ya mwili. Ukipiga katikati ya tumbo kama unavyoona kwenye muvi anakimbia na risasi yako anaenda kufia kichakani kwa mateso. Dume kubwa lina ngozi na nyama ngumu begani kama ngao, ndo maana bunduki ndogo sana haifai, muachie mwenyeji achague. Kazi yako wewe ni kwenda kwanza kwenye uwanja wa shabaha, upige karatasi mpaka uache kufumba macho. Subiri akae ubavu, asiwe na mwenzake nyuma, na ujue nyuma yake kuna nini, manake risasi ya raifo inasafiri kilomita na haina breki. Kidole nje ya triga mpaka umeshaamua.

Na usiku usipige kivuli. Hili nalisema kwa herufi kubwa moyoni. Babu alikuwa na mkuki, usiku mmoja kitu kimeinama kwenye mihogo kinatikisa majani, babu kanyanyua mkono, mimi nimeshaziba masikio sijui kwa nini maana mkuki hauna mlio, na kile kitu kikakohoa. Kilikuwa jirani yetu. Alikuja kufanya nini kwenye mihogo yetu saa tisa usiku hakuna aliyewahi kuuliza, babu alishusha mkuki akasema "usiku mwema", yule naye akaitikia.

Ukishampiga akakimbilia kichakani usimfuate mbiombio, kaa kama nusu saa, halafu muende watu wawili na mwenyeji mbele. Nguruwe mwenye kidonda na meno yake anageuka. Wakati wa kupasua vaa glovu, wale wana ugonjwa wa brusela na unaingia kwa damu kwenye kamkwaruzo tu, na nyama ipikwe mpaka ndani ifike nyuzi 71 za Selsiasi, mambo ya nyama nusu mbichi waachie wenyewe.

Mambo mawili ya uwanja wa ndege na nakuachia. Kwenda: sisi huku tuna homa ya nguruwe ya Afrika, Marekani hawana na wanaiogopa kama nini, kwa hiyo buti ulizokanyagia shamba la Bongo usizipeleke, na ukiulizwa forodha kama ulikuwa shambani au utaenda shambani sema ukweli. Kurudi: usibebe nyama, na kagua mifuko yote ya jaketi. Risasi moja uliyoisahau mfukoni, ikionekana pale kwenye mashine Julius Nyerere, shemeji hatakuwepo kukuelezea.

Anko habari za kazi. Nakaa Gongo la Mboto, nina eka tatu Kisarawe, hati ya kijiji ninayo, nimepanda mihogo na mahindi kidogo, naenda wikiendi. Nguruwe pori wamemaliza nusu. Kijana anayenishikia shamba anasema tuchimbe mashimo, fundi mwingine kaniambia nizungushe waya wa umeme. Shamba si langu? Kwa nini nisiwaue? — Mama Mihogo

Salama dada yangu, pole sana, najua uchungu wa kufika Jumamosi ukakuta matuta yamepinduliwa na mihogo imetafunwa nusunusu.

Shamba ni lako ila nguruwe si wako. Huku kwetu ni kinyume na kule kwa Mgeni wa Bunduki. Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009 inasema wanyamapori wote ni mali ya umma chini ya Rais, akiwa porini ni wa serikali na akiingia kwenye mihogo yako bado ni wa serikali. Kumuwinda kunataka kibali hata ndani ya hati yako. Sheria inakupa upenyo wa kujihami wewe au mali yako pale hakuna njia nyingine, lakini ukiutumia unatoa taarifa haraka na mzoga unabaki wa serikali, hauingii sufuriani. Na kujihami sio kuwategea mwezi mzima.

Mashimo na mitego ya nyaya imekatazwa, sumu imekatazwa, na hata isingekatazwa mi ningekukatalia. Shimo halichagui. Watoto wanaotafuta kuni wanapita humo, ng'ombe wa watu wanapita humo. Na huyo fundi wa umeme mwambie Anko Dungu kasema asikanyage tena kwako, kuna waya wa kitaalamu wa kushtua mnyama ambao una mashine yake, na kuna kuvuta umeme wa nyumbani ukauzungushia shamba, anachokuambia ni hiki cha pili na kinaua mtu palepale akiwa na ndala zake.

Sasa nikuambie kitu utanichukia kidogo. Nguruwe pori anapenda sana shamba la mtu wa mjini. Mchana analala kwenye kichaka kizito, usiku anatoka, na kichaka kizuri kuliko vyote ni kile kipande cha pembeni ambacho mwenyewe hajakifyeka toka mvua za mwaka jana kwa sababu anakuja wikiendi mbili kwa mwezi na moja kati ya hizo kuna harusi. Halafu mihogo mnaiacha ardhini kama benki, imeshakomaa miezi na miezi, mnasubiri bei. Yeye hasubiri bei.

Kwa hiyo anza na panga. Fyeka ukanda kuzunguka shamba lote, hatua kumi au zaidi, pawe peupe, hapendi kukatiza peupe. Ongea na wenye viwanja jirani wafanye hivyohivyo, manake ukifyeka peke yako umewahamishia tu barazani kwa mwenzio. Mihogo iliyokomaa vuna, hata kama ni kukausha makopa. Msimu ujao mihogo na viazi viwe karibu na kibanda cha kijana, pembeni weka ufuta, kwetu Maneromango sikumbuki hata siku moja nguruwe kagusa ufuta wa babu. Uzio ukiweza jenga, ila uelewe huyu haruki, huyu ananyanyua kwa pua, kwa hiyo nguvu yote iwe chini, fito nene zimebanana na zimezikwa. Kwa eka tatu ni hela, anza na kipande cha mihogo tu.

Kulinda usiku kunasaidia kuliko vyote, debe, moto, tochi kali, mbwa wa kubweka. Ila kijana wako asilale peke yake chini kwenye turubai. Simtishi bure, kuna utafiti ulitoka mwaka 2005 kwenye jarida la Nature, walihesabu watu zaidi ya 560 waliouawa na simba Tanzania kuanzia 1990, walioumia zaidi wakiwa ndugu zetu wa Rufiji na Lindi, na wakaona nguruwe pori wana mkono wao humo. Nguruwe anafuata mihogo, simba anamfuata nguruwe, na katikati amelala mkulima kwenye kibanda cha makuti. Kisarawe yako sio Rufiji, lakini dungu liwe juu na imara, na wawe wawili kwa zamu.

Na ripoti. Anza kwa mtendaji wa kijiji, nenda kwa afisa wanyamapori wa wilaya, wao ndo wanajua kuita askari wa TAWA, mamlaka ya serikali ya wanyamapori, kuja kufukuza au kuvuna kwa utaratibu. Peleka barua ubaki na nakala iliyogongwa muhuri, na picha za simu zenye tarehe. Ya mdomo inasahaulika kabla hujafika stendi. Kifuta jasho kipo serikalini ila kimewekwa kwa wanyama hatari kama tembo, simba, nyati, kiboko na mamba, kwa hiyo usiende pale umeshapigia hesabu hela ya nguruwe.

Anko mambo, mzee wetu kafariki kaacha gobore ndani, halina karatasi. Naweza kulitumia kwa nguruwe shambani Mkuranga tu, sio mjini? — Mrithi

Poa. Pole na msiba. Hapana. Gobore ni silaha kama silaha nyingine mbele ya sheria, Mkuranga au Posta, na bila karatasi hata kulilaza chini ya kitanda ni kosa. Halafu yale mengi bomba lake ni la maji, linapasuka usoni mwa mpigaji. Nenda na mjumbe polisi ueleze umelikuta kwenye mirathi unalisalimisha, na usilibebe begani ukiwa unaenda, wafuate kwanza waje wao.

Anko kuna jamaa wa bodaboda anatuletea kitimoto ya porini Ijumaa jioni, kilo bei ya kutupa, tamu kinoma. Mke wangu anasema tutafungwa. Anazidisha? — Mla Vizuri, Mbezi

Hazidishi, msikilize. Nyamapori isiyo na kibali inahesabiwa nyara ya serikali, ikikutwa kwenye friji yako kesi ni yako, bodaboda kashaondoka, na hizo huwa zinafunguliwa kama uhujumu uchumi, sio kesi ya kulipa faini ukarudi kuangalia mpira. Tangu 2020 kuna kanuni za bucha za nyamapori, bucha lenye leseni linakupa risiti. Jamaa wa boda risiti yake ni ipi? Na hujui yule mnyama alikufa kwa risasi, kwa sumu au kwa ugonjwa wake mwenyewe. Kilo ya pale Sinza imepanda sawa, ila unakula umetulia.

Shikamoo Anko, nafuga nguruwe kumi na nne Pugu, mbwa wa jirani kaburuta mfupa wa nguruwe pori mpaka mlangoni kwa banda. Niuchukulie poa? — Mfugaji

Marahaba. Usiuchukulie poa hata kidogo. Nguruwe pori na ngiri wanabeba homa ya nguruwe ya Afrika na wenyewe hawaumwi, wa kwako wakiipata wanaisha banda zima kwa siku chache, dawa ya kuitibu hakuna. Vaa mfuko mkononi, fukia huo mfupa chini sana, mwaga dawa ya kuua vijidudu mlangoni, weka beseni la dawa ya kukanyagia viatu, na mabaki ya vyakula vya hotelini acha kuwapa kabla hayajachemshwa. Akizubaa hata mmoja asile, masikio na tumbo vikawa vyekundu, usiuze na usichinje haraka haraka kama wanavyofanya wengine (ndo inavyosambaa Dar nzima), mpigie daktari wa mifugo wa kata siku hiyohiyo.

Anko Dungu, mume wangu anasumbuliwa na ngiri miaka miwili sasa, inatoka usiku akikohoa, nimeona unajua sana mambo ya ngiri. Tufanyeje? — Mwenye Wasiwasi, Temeke

Dada yangu, ngiri ninayoijua mimi ina miguu minne, inatembea mchana na kulala shimoni. Hiyo ya shemeji ni ya hospitali na miaka miwili ni mingi mno, mpeleke wiki hii akaonwe na daktari wa upasuaji, ikibana akaanza kutapika na maumivu makali msingoje asubuhi. Barua yako nimeipeleka ukurasa wa daktari.